Koti la Theophil

"Vua hilo koti, shemeji," mjane tuliyepanda naye bajaji ya Singe alirudia. "Ndilo Theophil alilovaa akisafisha mtambo wa nyuklia uliolipuka ughaibuni. Nataka lipimwe, niwashtaki waliomuua."

"Mama Fabiola, ukoo ulinigawia mimi baada ya matanga. Halafu utawashtaki wapi? Wakili amekwambia kesi husikilizwa nchi ile ile mtambo ulikolipuka."

"Nitafikaje huko?"

"Hufiki. Basi niache nivae."

"Vaa. Ila kama mionzi imo, usimpakate mwanao."

Nilimsogeza mwanangu niliyempakata upande wa pili, kana kwamba bajaji ina upande wa pili.

Shemeji alifungua vifungo. Tulipofika mwanzo wa Singe alishuka na shati tu, koti kaliacha kitini. Mama Fabiola akalikunja, akalipakata, akamwambia dereva twende.