Kaburi la Mheshimiwa Emorut

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Malaba, Bumala, Bukhayo, karibuni. Leo tunamkumbuka Mheshimiwa Protus Emorut, mbunge wa zamani na mkulima wa miwa kule Chakol. Nawaambia mapema: kumbukumbu hii inanitia aibu.

Alikaa bungeni muhula mmoja. Muhula mmoja tu, na wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Bungeni alizungumza kwa nadra. Lakini nyumbani alichimbisha kisima, akina mama wakapumzika safari za mtoni. Bintiye, Amoit, anamkumbuka akikagua shamba akiwa na viatu vyake vya bungeni.

"Baba alipenda miwa kuliko siasa," ananiambia. "Akiona nafasi, anapanda."

Hapo ndipo penye uchungu. Vibarua wake walikaa nyuma ya shamba, na hukohuko walizika watu wao. Aliposhindwa uchaguzi, Mheshimiwa alishuku kwamba vibarua walimnyima kura. Akawafukuza. Kisha akaleta trekta, likalima makaburi. Wasikilizaji, makaburi! Juu yake akapanda miwa.

Mheshimiwa alifariki mwezi uliopita. Kwetu mnajua, kaburi huchimbwa na majirani. Hawangoji kuitwa, wanakuja na majembe yao. Safari hii hakutokea hata mmoja. Ikabidi Amoit aende kwa Mama Akiteng, kibarua wa zamani wa babake, akapiga magoti.

"Mama, tusaidie. Mzee amelala kwa hema, hatuna mtu wa kuchimba."

"Mimi sikatai, mwanangu," akajibu Mama Akiteng. "Lakini nionyeshe kwanza Ejoku wangu alilala wapi. Alikuwa mtoto mdogo, hata kutembea hajajua vizuri. Ukinionyesha, natuma vijana saa hii."

Amoit hakuweza. Angewezaje, na kote ni miwa? Alirudi analia. Yeye na ndugu zake wakachimba wenyewe, mikono ikatoka malengelenge.

Siku ya mazishi Mama Akiteng alikuja. Alisimama kando ya shimo, akasema polepole, "Mheshimiwa ako na bahati. Watoto wake wanajua mahali yuko."

Hata kasisi aliangalia chini.

Tunaipa pole familia ya Emorut. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza ukiwa na shamba kubwa, jiulize umelima juu ya nani.

Pole pia, Mama Akiteng. Pole ya mwanao Ejoku imechelewa mno, na hatuna hata mahali pa kuja kuitolea.