Kikata Kucha cha Kiwiko: Risala ya Mafundi kwa Msimamizi wa Hataza

Mgeni rasmi, msimamizi mkuu wa ofisi ya hataza,

Mwenyekiti wetu ametuagiza tuanze na lake: siku ile mjinga alikuwa yeye. Tulimwambia risala huanza na karibu. Akasema, "Andikeni. Mkinisema nyinyi kwanza, mgeni atanionea huruma." Basi karibu sana karakanani, na mjinga mwenyewe ndiye aliyekupokea getini.

HISTORIA YA KIFAA

Mwenzetu tunayemwita Kigutu (jina kajipa mwenyewe, tusilaumiwe) alipoteza kiganja cha kulia kwenye mashine ya kupindia bati. Kazini alirudi. Mtihani ukawa kucha za mkono uliobaki. Mkewe, ambaye sote twamwita Shemeji, akawa anamkatia. Kigutu akanung'unika: "Mtu na ndevu zangu nakatiwa kucha kama mtoto mchanga!"

"Afadhali nikukatie kucha kuliko nikukatie tamaa," Shemeji akamwambia.

Neno likamkaa. Akafunga kikata kucha juu ya kipande cha ubao, akakipa wenzo mpana na springi chini yake. Unaingiza kucha, unabonyeza kwa kiwiko, kwisha.

MAFANIKIO

Tangu hapo tumewatengenezea waliopooza upande mmoja, bibi mmoja ambaye vidole vyake vinatetemeka, na seremala wa jirani mwenye mikono yote miwili, mvivu tu. Hakuna aliyerudisha.

CHANGAMOTO

Desturi ya karakana hii ni kwamba kitu kikishafanya kazi hakifichwi, aulizaye huonyeshwa. Hivyo ndivyo sisi wenyewe tulivyojifunza ufundi. Basi siku ile ya ujinga wa mwenyekiti akaingia mfanyabiashara mmoja, viatu vinang'aa, akakisifu kifaa mpaka mwenyekiti akavimba kichwa. Mwenyekiti akakifungua skrubu moja moja, akamweleza kila kipande, akamwacha achore, na soda akamnunulia.

Ofisi yako ilipobandika tangazo la maombi mapya ya hataza, tulikuta mchoro ni wa kifaa chetu, na mbunifu ni yule bwana. Akipewa hataza, ubunifu utakuwa wake kisheria, nasi hatutaruhusiwa kutengeneza hata kimoja bila ridhaa yake. Bibi wa vidole atakuja hapa na kurudi mikono mitupu, na Kigutu atakuwa anaomba ruhusa ya kuuza alichokibuni mwenyewe.

MAOMBI

Tunaomba pingamizi letu lisikilizwe kabla hataza haijatolewa. Tunaomba pia utuletee mtu wa kutufundisha taratibu za ofisi yako. Kuchomelea tunajua, kulinda tulichokichomelea ndiko kunakotushinda. Desturi ya kuonyeshana hatutaki kuiacha, ila mwenyekiti tumemkataza kununua soda.

KIELELEZO

Juzi yule bwana alikuja kutushawishi tuondoe pingamizi. Akasema kufanana kwa vifaa ni bahati tu, mawazo ya watu hukutana. Tukaweka mezani kifaa cha kwanza cha Kigutu, hiki kilicho mbele yako, kando ya nakala ya mchoro wake. Vyote viwili vina tundu la mviringo kwenye kona ya ubao.

"Hili la nini, bwana mkubwa?" mwenyekiti akamuuliza.

"La kupitishia hewa. Bila hilo kifaa kitapata joto. Ndio utaalamu wenyewe huo."

Kigutu akakohoa, akatazama chini. Shemeji alikuwa mlangoni, amemletea mumewe chakula. Akaweka bakuli chini.

"Kikata kucha kipate joto, kwani birika? Hapo palikuwa na kitasa, baba. Huo ubao ni mlango wa jiko langu."

Mgeni rasmi, tundu hilo ulitazame mwenyewe. Mungu akuongoze katika uamuzi wako, na akutunzie mikono yako yote miwili.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi Chuma Shika Nikushike