Nakala Zinazogoma Mchana

Mpiga picha za harusi alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha basi, akimlilia fundi kompyuta aliyefahamiana naye kituo kilichopita.

"Kompyuta ya nyumbani inakoroma kama inakata roho, kaka. Ikifa leo, picha za harusi ya watu ya Jumamosi zimekwenda nayo! Nimeiamuru ijihifadhie nakala kila mchana kwenye diski ya nje, lakini kila jioni nakuta imeshindwa."

"Diski imejaa?"

"Tupu kama tumbo langu."

"Waya je?"

"Mpya."

Fundi akakuna kidevu. "Mchana nani yupo nyumbani?"

"Mama mkwe tu, naye hulala." Mpiga picha akasita, ulimi ulikuwa umeitangulia akili. "Ila kwanza huzima soketi zote. Anasema hata vyombo huchoka."

"Basi hamishia usiku."

"Usiku si ndio analala zaidi!"

"Mwambie aache."

"Mimi? Nimwambie mkwe?" Abiria wa mbele, ambaye hakuulizwa, akaangua kicheko. Mpiga picha akamshika fundi mkono. "Twende ukamwambie wewe, fundi!"

"Mimi natengeneza kompyuta. Wakwe siwagusi."

Basi liliposimama, fundi alishuka kama aliyeona nyuki. Mpiga picha akachungulia dirishani. Jua lilikuwa utosini, saa ya mama mkwe kuzima soketi na kwenda kulala.