Funga Mdomo, Usome kwa Macho

Gasana, zima redio. Umutoni, kaa hapa upande wa sikio langu zuri. Na wewe shemeji Nduwayo, kwa kuwa umekuja tena na mchuzi ambao sikuuomba, kaa mlangoni uwe shahidi, ila acha kukipima chumba changu cha uani. Nimepofuka, lakini viatu vyako navisikia.

Tegeni masikio wanangu, maana sitasema mara mbili. Daktari ananichekea siku hizi, na daktari akianza kumchekea mgonjwa kiasi hicho ujue kuna analomficha, kwa hiyo nayasema yangu leo kabla pumzi haijanisaliti. Nyumba hii ya hapa Niboye, Kigali, ni yenu wote wawili, msiigawe kwa ukuta, na mtu wa ukoo akija na maneno matamu kuhusu kiwanja, mpeni chai na msitie saini kitu chochote. Nduwayo, usikohoe, sijakutaja.

Ninachokiogopea ni kile chumba cha uani. Niliporudi Rwanda kutoka ukimbizini Ngara, Tanzania, nilikozaliwa na kukulia, nikaanza kufundisha chuoni, nilikuta vijana wenye akili kabisa wanaparamia makala ya Kiingereza na kamusi mkononi, wanatafsiri neno baada ya neno, na wakifika mwisho wa ukurasa hawajui mwandishi anataka nini. Ndipo nikaweka mabenchi pale uani, na wamekuja kutoka kila mtaa wa mji huu, tangu Gatsata hadi Gisimenti, kujifunza kusoma. Mnajua nilichowafundisha, lakini nakirudia kwa sababu nashuku mnakisahau makusudi. Anza na kichwa cha makala, soma ikisiri pale juu, ruka uende kwenye hitimisho, kisha urudi mwanzo ukiwa na swali lako. Neno usilolijua liache kwanza, mara nyingi sentensi inayofuata italifafanua. Ukikuta 'however', simama, hapo mwandishi amekata kona na wengi wenu mnaendelea kwenda mbele peke yenu. Akisema 'may', hana uhakika, msimpe uhakika ambao hakuuomba. Na kila mwandishi mwulizeni: wewe nani amekuambia? Juu ya yote, fungeni mdomo. Sisi Wanyarwanda l na r zinatuchezea ulimini, na anayesoma kwa midomo huyafanya maneno mawili kuwa moja.

Sasa nakuja kwako, Gasana. Tangu macho yangu yazimike wewe ndiye unayefundisha, na dada yako hunisomea majibu ya wanafunzi hapa kitandani. Juzi mliwauliza watafiti walifanya nini na takwimu zao. Makala ile naijua, niliisoma nikiwa na macho: walizikusanya, 'collected'. Hirwa akajibu 'corrected', yaani walizisahihisha. Peace hivyo hivyo. Trinah hivyo hivyo. Mtafiti wa watu anageuzwa mchakachuaji! Angekosea mmoja ningesema alisinzia. Lakini wote? Hapo kuna mdomo mmoja unaowasomea wao wakaandika, na mdomo huo ni wako. Umechoka kuwafundisha, unawasomea imla kama watoto wa chekechea. Nilipokuuliza ulisema mara moja tu kwamba iko sawa, nikakuambia unadanganya, ukatoka nje. Mtu asiye na kosa anatoka nje?

Basi nasema mbele ya shahidi: chumba nampa Umutoni, na wewe Gasana usije ukasimama tena mbele ya ule ubao...

Unasemaje? Sema kwa sauti.

"Mama, iko sawa. Angalia karatasi."

Niangalie kwa macho gani? Umutoni, chukua karatasi ya Hirwa, mnyamazishe. Soma. 'Corrected.' Mnasikia? Na wewe Gasana unacheka? Hucheki. Unalia.

Ngoja. Umutoni, usisome tena. Shika kiganja changu, uniandikie neno hilo kwa kidole, kama lilivyo kwenye karatasi, polepole.

C. Naam. O. Sasa hii... fimbo. Na hii nyingine fimbo. Rudia hapo. Zimenyooka zote mbili, hakuna iliyopinda kichwa. Hizi ni l, si r.

La Peace niandikie. Zimenyooka. La Trinah... acha, inatosha. Inatosha, mwanangu.

Mdomo ulikuwa huu unaonisomea, na sikio lilikuwa langu. Umutoni, usilie, hukudanganya, ulimi wetu wote ndio huo. Mimi, mwalimu wa kusoma kwa macho, nimemhukumu mwanangu kwa kusikia. Kwa nini hukupiga kelele, Gasana? Kwa nini hukuvunja hata kikombe?

"Nilikuambia, Mama. Ukasema nadanganya."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Inaniuma, mwanangu, inaniuma kuliko huu ugonjwa.

Nduwayo, lile la mwanzo nimelifuta, na ukilipeleka mtaani nitajua. Chumba ni cha Gasana, mabenchi na ubao na vitabu vyote. Umutoni afundishe naye akitaka, ila majibu asiyasome kwa sauti. Mnizike asubuhi, bila hotuba ndefu, na atakayesoma wasifu wangu ausome kwanza kimya, ajue umesema nini.

Nipe maji... hapana, acha. Imana, Mungu wetu, awalinde. Awape macho... mazima mpaka uzee wenu, na watoto wenu wasome wanachotaka wao, si wanachoambiwa. Msi... msigombane juu yangu. Umutoni, nimekubariki. Gasana, nimekubariki, wewe mara mbili.

Bado uko? Sikusikii. Umetoka nje tena? Mtu... mtu anishike mkono.

Huu ni wa nani? Hapana, usiseme kitu. Naamini ni wako.