Suruali Niliyoipunguza Mara Tatu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe fundi umeme zima hiyo simu, wateja watakusubiri, mimi sitaweza. Binti yangu mkubwa, kaa hapa mbele nikuone. Mdogo wenu, dereva, abaki hapo hapo mlangoni na viatu vyake vya matope ya safari. Na mke wake asiende jikoni. Mkwe wangu, kaa. Leo sitaki chai, nakutaka wewe, kwa sababu haya ninayotaka kusema yanakuhusu kuliko mtu yeyote humu ndani.

Nimekula chumvi nyingi, na kwa kweli namshukuru Mungu. Mama yenu, Mungu amrehemu, alivumilia kelele za cherehani yangu miaka arobaini na moja. Nyinyi watatu mmekua na hakuna aliyenitia aibu. Nami ninaondoka nikiwa kitandani mwangu, kwenye shuka safi, na tumboni mna chakula. Hilo la chakula ndilo lililonifanya niwaite.

Mnaukumbuka ule mwaka niliokonda. Mimi fundi nguo maisha yangu yote nilikata uzi kwa meno, nikabana pini kwa meno, na mama yenu akinigombeza namwambia mkasi uko mbali. Basi yakalegea. Fizi zikavimba, zikawa zinatoa damu kila nikishika mswaki, nikaacha mswaki, mjinga mimi, ndipo zikazidi. Nikaacha nyama, nikaacha karanga, nikaacha matunda na mboga za majani, mwisho nikabaki na uji na mkate wa kuchovya kwenye chai. Suruali zikaanza kunivuka. Nikajifungia chumbani na ile ya kijivu nikaipunguza kiuno, baada ya miezi miwili nikaipunguza tena, na mara ya tatu mifuko ya nyuma ilikaribia kugusana, lakini kazi safi kabisa, hakuna hata mmoja wenu aliyegundua.

Kwa nini sikusema? Aibu, wanangu. Yule mshona viatu wa hapo kona, nani alimpachika jina la Kibogoyo? Mimi. Miaka kumi nilimtania mbele ya watu mpaka mtaa mzima ukasahau jina lake, leo nitoke niseme na mimi sina meno? Nilikuwa radhi nife na njaa.

Ndipo wewe binti yangu ukanichukua kwako wiki nzima, ukanipikia nyama, Mungu akulipe, nami nikawa naigeuzageuza mdomoni halafu naitema kwenye leso mkitazama pembeni. Ukaniuliza, "Baba, kule nyumbani mkweo anakupa nini?" Nikajibu, "Napewa uji tu." Ilikuwa kweli, ila sikukwambia kwamba uji ule niliuomba mwenyewe, na kwamba yeye alikuwa akinibembeleza kila siku nionje kitu kingine.

Mkaja nyumbani mkaitisha kikao. Mkasema anamnyima mzee chakula, anatafuna peke yake jasho la mumewe, mkamnyang'anya ufunguo wa kabati la vyakula, mkanikabidhi mimi. Mumewe akarudi safari akamwamini dada yake. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, nasikia kila neno, nikanyamaza. Nimekosea mengi duniani, lakini kunyamaza kule ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Siku mbili baadaye mkwe wangu alikuwa anafua koti langu, akaikuta ile leso mfukoni na vipande vya nyama vilivyokauka. Wewe binti yangu bado ulikuwa sebuleni. Angeweza kukuwekea mezani, akasafisha jina lake papo hapo. Badala yake akaja chumbani kwangu, akafunga mlango, akasema, "Baba, hii nyama umemwekea paka gani?" Nikacheka, halafu nikalia. Akaniambia nifungue mdomo, akatazama, akashika kichwa. Nikamwomba anisitiri. Akasema sawa, lakini kwa daktari tutakwenda.

Yule daktari wa meno, mama mkali kweli, alining'oa tisa, akaniambia kukonda kwangu si uzee wala uchawi: mtu asiyeweza kutafuna anaviacha vyakula vinavyomjenga kimoja kimoja, mwili unakwisha huku watu wanasema ni umri. Miezi ya kungoja fizi zipone, mkwe wangu alisaga nyama, akaponda maharage, akachambua samaki mwiba kwa mwiba, akakoroga yai kwenye uji, naye akala hicho hicho mbele yangu nisijione mgonjwa. Siku tuliyochukua meno ya bandia tulinunua tango barabarani, nikalitafuna nimesimama, watu wananishangaa, na mimi machozi yananitoka kwa raha. Miaka hii minne niliyoongezewa imepitia mikononi mwake, nanyi mkadhani ni ule ufunguo ulioninenepesha.

Mshona viatu nimeshamwomba radhi, akanicheka mpaka akakohoa. Limebaki la humu ndani. Juzi nimewasikia mkinong'ona kwamba nikishazikwa huyu aondoke. Haondoki. Nyumba ni yenu watatu, lakini chumba cha mbele, cherehani yangu na meza ya kukatia ni vyake, hata mumewe hana amri navyo. Barua iko kwa wakili, nimetia saini. Na nyinyi mnaoanza kuota mvi, nendeni mkakaguliwe meno, msingoje yaume. Mkiona mzee anasukuma sahani, msitafute nani wa kulaumu. Mwombeni afungue mdomo.

Niinulieni mto... Hapo. Mkwe wangu, mimi kwanza. Nisamehe. Nilikuacha ubebe aibu yangu miaka minne. Usiseme, "Hakuna neno, baba." Neno lipo... Ahsante. Ahsante, mwanangu.

Sasa wewe, binti yangu mkubwa. Inuka. Usilie kwanza, mwendee. Sema kwa sauti, nisikie... Sema tena... Eh. Nilisikia tangu mwanzo, binti yangu. Nilitaka yeye asikie mara mbili.

Dereva, huyo ni mke wako, unangoja nini hapo mlangoni?... Mshike mkono. Hivyo.

Mungu awape afya... awazeeshe pamoja... na kila mmoja wenu ampate wa kumtazama, kama mimi nilivyotazamwa. Msiachane mikono. Nimeshiba, wanangu. Nimeshiba.