Niliogopa Kupanga Miaka Ambayo Baba Hakuifikia

Bwana apewe sifa, ndugu zangu, hata na mtu ambaye hajazoea kushika kipaza sauti. Naitwa Elkana. Wengi wenu mnanijua kwa kazi yangu, mimi ndiye naziba magurudumu ya malori pale Salgaa. Mchungaji ameniomba nisimame hapa mara tatu na mara tatu nimekataa. Leo nimesimama kwa sababu mke wangu, Mama Neema, aliniambia nisiposhuhudia mimi atashuhudia yeye, na yeye hataficha kitu.

Nataka kusema juu ya hofu. Sikuogopa majambazi wala njaa. Niliogopa miaka ijayo. Mtu akinitajia jambo la mwaka kesho, nilibadilisha mazungumzo. Akinitajia jambo la miaka kumi, niliondoka hapo.

Ilianza na baba. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli hapa Nakuru, na sisi tulizaliwa kwenye nyumba za kampuni. Kazi ilipopunguzwa, akachukua pesa zake za kuachishwa akanunua nusu ekari kule Rongai. Hakuwa amewahi kuwa na nyumba yake. Nakumbuka alivyonunua uzi wa kupimia msingi, akautembeza mkononi kama mtu aliyeokota dhahabu. Wiki ya pili ya kuchimba, akaanguka ndani ya mtaro akiwa bado ameushika huo uzi. Tulipomfikisha barabarani alikuwa amekwisha kukata roho. Alikuwa na miaka arobaini na minane.

Miaka kumi na minane baadaye kaka yangu mkubwa, Shadrack, akasema mama hatakufa katika nyumba ya kupanga. Akainua kuta kutoka ule msingi wa baba. Akafika linta, ule ukanda wa juu ya madirisha, akanunua mabati. Siku ya kuezeka alipiga mabati manne, akashuka ngazi akasema kichwa kinamuuma. Akakaa juu ya mbao. Nilienda kumletea maji, na niliporudi na kikombe alikuwa ameinama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Ndugu zangu, siku ya mazishi shangazi yetu alisimama karibu na kaburi, akaitazama ile nyumba iliyofunikwa upande mmoja, akasema, "Hii nyumba inakula wanaume wa hapa." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia. Lakini kila mtu alisikia, halafu kila mtu akageuka akanitazama mimi, kwa sababu mwanamume mzima aliyebaki nilikuwa mimi peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa.

Mama akarudi Vihiga kwa watu wake na hakukanyaga Rongai tena hadi Bwana akamchukua. Mimi nikahamia Salgaa, nikapanga chumba, na nikaanza kuishi maisha ya mtu asiye na kesho.

Pesa zilikuwepo. Malori hayaachi kupasua magurudumu. Nilikula nyama, nilinunua redio kubwa, nilimkopesha kila aliyeomba na sikumfuata. Watu waliniita mkarimu. Haukuwa ukarimu, ndugu zangu. Nilikuwa naona haina maana kumwekea akiba mtu ambaye hatafika. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu yeyote. Niliamini kwamba mwanamume wa kwetu akianzisha kitu cha miaka mingi, kifo kinasikia. Nisipoanzisha, labda kingenisahau.

Nilioa, Mungu akatupa Neema. Mke wangu akaniletea fomu ya sacco, tuwe tunaweka akiba. Nilijaza jina, nikajaza namba ya kitambulisho, nikafika pale wanapouliza pesa apewe nani ukifa. Kalamu ikasimama. Nilisikia jasho mgongoni, saa nne ya asubuhi, kwenye baridi. Nikaichana ile fomu nikamwambia mke wangu wale watu ni wezi. Hawakuwa wezi. Nilidanganya.

Neema akamaliza shule ya msingi akapita vizuri. Siku ya kuripoti sekondari ilifika na mimi sikuwa na kitu. Miaka kumi na minne ya kujua kwamba siku hiyo inakuja, na sikuwa nimeweka hata shilingi. Binti yangu akakaa nyumbani muhula mzima, akiosha vyombo kwa hoteli ya jirani yetu. Wenzake wakipita na sare, anaingia ndani. Mke wangu hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Baba Neema, unaishi kama mtu ambaye gari lake linaondoka leo jioni. Na sisi je? Sisi umetukatia tiketi ya wapi?"

Mwaka huo nilikuwa na miaka arobaini na mitano, na Shadrack alikufa na arobaini na sita. Hesabu hiyo ilikuwa inakaa nami kazini. Niko chini ya lori, nimeshika spana, moyo unaanza kupiga mpaka nausikia masikioni. Nilikuwa natoka chini ya gari na kushika ukuta. Madereva walidhani nimekunywa.

Sasa mke wangu akajiunga na ile sacco yeye mwenyewe, pamoja na akina mama wa kanisa. Mwaka huo akapata miche ya parachichi, akaniambia anataka kuipanda Rongai. Nikakataa. Nilidhani ameacha.

Jumanne moja mteja akaniambia, "Fundi, nimemwona mke wako kule Rongai anachimba." Niliacha gurudumu la watu limelala kwenye vumbi. Nilipofika kwenye kile kiwanja nilimkuta ndani ya shimo, udongo umemfika magotini, jembe juu. Nyuma yake kuta za Shadrack na yale mabati manne yaliyoshika kutu. Ndugu zangu, sikumwona mke wangu. Nilimwona baba. Nilirukia lile jembe nikalinyang'anya. Nikang'oa miche aliyokuwa amekwisha panda, mmoja baada ya mwingine, nikaitupa nje ya ua. Nilikuwa nasema maneno hata siyakumbuki.

Mke wangu alitoka kwenye shimo. Akaenda akaiokota, akaifunga mizizi kwa gunia lililoloa maji. Akasema, bila kunitazama, "Nitaipanda tena. Ukiing'oa, nitaipanda tena."

Nilitaka kumjibu, lakini mdomo ukakataa. Kichwa kilikuwa kinagonga kama nyundo kwenye chuma. Damu ikaanza kutoka puani. Mkono wa kushoto ukawa mzito, nikautazama kama wa mtu mwingine. Nikakaa chini kwenye udongo, na nikajua. Nikasema moyoni, ndiyo hii sasa. Imenipata palepale ilipowapata wao. Siwezi kuwaeleza hofu ya wakati ule. Sikuomba hata. Nilimtazama tu mke wangu akikimbia barabarani bila viatu, akisimamisha pikapu iliyobeba magunia ya mahindi.

Walinifikisha kwa zahanati. Muuguzi mmoja, mama wa makamo, akanifunga ule mkanda mkononi, akapima. Akatazama. Akapima tena mkono wa pili. Akaniwekea dawa chini ya ulimi, na wakati tunangoja gari la kunipeleka Nakuru akamuuliza mke wangu, "Baba yake yuko?"

Mke wangu akasema, "Alikufa akichimba msingi."

"Alianguka tu?"

"Alianguka tu. Na kaka yake alianguka akipiga mabati. Kichwa kilimuuma, akakaa, akaenda. Watu husema ni nyumba."

Yule mama akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akasema, "Mzee, nisikilize. Sio nyumba. Ni presha. Iko kwa familia yenu, na wewe unayo, na hawa wawili hakuna mtu aliwahi kuwapima. Wewe umepimwa leo. Umeelewa?"

Nilielewa. Miaka kumi na sita nilikuwa nakimbia kuta za mawe, na kile kilichowaua baba na Shadrack nilikuwa natembea nacho kwenye damu yangu.

Nililazwa siku tano. Wazee wa kanisa walikuja wakaniombea, na Bwana alinirudishia mkono wangu, huu hapa. Lakini sitaki kuwadanganya kwamba nilitoka hospitali nikiwa huru. Daktari aliniambia vidonge ni vya kila siku, maisha yote. Nikaogopa hilo neno "yote". Nilimeza miezi mitatu, nikajisikia vizuri, nikaacha. Kwenye sacco pia, nilijiunga, nikaweka miezi mitatu, nikaona hakuna kinachobadilika, nikaacha. Sikujua kwamba kazi ya hivi vitu viwili ni hiyo, kwamba unafanya na huoni kitu. Gurudumu ukiliziba unaliona limeshika upepo papo hapo. Hizi ni kazi za mtu kuendelea gizani.

Mke wangu alinirudisha kliniki, kwenye ile zahanati, akinishika shati. Yule muuguzi alipima, akaona nimeacha dawa, na hakunikemea. Alichukua kadi yangu akaandika tarehe ya mwezi unaofuata, akasema, "Siku hii nakungoja." Akamwita mtu mwingine.

Nilikaa kwenye benchi nje nikaitazama ile tarehe. Mtu ambaye kazi yake ni kuona wagonjwa ameniandikia siku ambayo haijafika, na anatarajia nitakuwepo. Nililia pale nje, ndugu zangu. Nikaomba kwa mara ya kwanza ombi la kweli. Sikuomba miaka mingi. Nilisema, Bwana, nifikishe tarehe hii tu, na nikifika nitakuja hapa, na nikitoka hapa nitapitia sacco.

Hivyo ndivyo nimeenda. Siku ya kliniki ndiyo siku ya kuweka akiba. Kadi mbili, mfuko mmoja. Nilipoambiwa nijaze lile jina la mrithi nililoliacha wazi mwanzo, niliandika Neema, herufi zimepinda, nikatoka nje nikingoja kuanguka. Hakuna kilichotokea. Nikanunua uji nikanywa.

Hofu ilirudi mara nyingi. Mwezi niliotimiza miaka arobaini na sita, kifua kilinibana, nikaenda sacco kutoa kila kitu niwape mke wangu na Neema mapema. Nilikaa kwenye foleni nikiwa na fomu ya kutoa. Nilipofika karibu na dirisha, nikamwambia Mungu, kama leo ndiyo siku, basi pesa zitawafikia hata nikiwa nimekufa, kwa sababu jina la Neema liko pale. Nikatoka kwenye foleni. Ilikuwa gesi ya maharagwe. Mke wangu hucheka hadi leo.

Kulikuwa na mwaka wa malori machache, na mwaka mvua ilikataa tukabeba maji ya kumwagilia miche kwa mitungi. Tuliweka kidogo, lakini tuliweka.

Halafu ikaja siku niliyoiogopa kuliko zote. Akiba ilikuwa imefika kiasi cha kumaliza paa la ile nyumba ya Rongai. Asubuhi ile nilipimwa presha kwanza. Mafundi wakapanda. Mimi nilikaa chini kwenye kiti, mke wangu ameshika mkono wangu, na kila nyundo ilipogonga nilifunga macho. Saa kumi fundi akapiga msumari wa mwisho. Nilingoja. Nilisikia moyo wangu. Fundi akashuka ngazi, akajipangusa mikono, akamuuliza mke wangu, "Mathe, chai iko?"

Mke wangu akasimama kwenda kuweka chai. Nami nikabaki pale kwenye kiti nikiwa hai, chini ya lile paa ambalo Shadrack alitaka kumwezekea mama.

Ndugu zangu, nina miaka hamsini na mmoja. Neema alirudi shule na sasa anasomea umeme chuoni hapa Nakuru, na karo yake ilikuwa imekaa ikimngoja kabla aitwe. Miti imezaa misimu miwili. Watoto wote wa Shadrack wamepimwa, na mmoja wao tayari anameza dawa, hana habari ya kuanguka. Bado naogopa. Kuna asubuhi naamka na hofu imenikalia kifuani, namaliza kuomba na bado iko. Namtolea Bwana hivyohivyo, nikiogopa, kisha nameza kidonge na kufungua kibanda. Mungu hakusubiri niwe jasiri. Alinishika nikiwa mwoga, akanifundisha kwenda tarehe moja baada ya nyingine.

Naona Mchungaji ananitazama, dakika zangu zimeisha. Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama wa zahanati, na namshukuru mke wangu ambaye alipanda mara ya pili. Kama kuna mtu hapa anaogopa kuanza kwa sababu ya yale aliyoyaona kwao, mwamini Bwana kwa mwezi mmoja tu. Mimi na Mama Neema hukaa benchi ya tatu kutoka nyuma, upande wa dirisha. Usiseme chochote kama huwezi. Kuja tu ukae, tutasonga tukupe nafasi.