Koti la Nta la Marehemu Walter

Benchi letu liko nje ya mnada wa kondoo hapa Wooler, kaskazini mwa Uingereza, ambako mvua haidondoki, inakuja ubavuni. Hapo hukaa Injinia, aliyetengeneza matrekta kabla hayajaanza kutengenezwa kwa kompyuta. Askofu, ambaye kanisani huingia kuota moto tu. Na mimi, mwenye digrii ya falsafa na muda wote duniani, shukrani kwa waajiri. Kahawa ya gari la mikate ni chungu kama zile barua zao za "tunasikitika kukujulisha". Asubuhi hiyo Tess alikuja na koti la nta, lile la turubai lililopakwa nta lisipenye mvua, la babake, mzee Walter, tuliyemzika Novemba. Limeota ukungu mabegani, mshono wa kwapa umeachia. Nyuma alifuata Glen, mbwa wa kondoo wa marehemu, macho hayabanduki kwenye koti.

—Nataka kulisafisha nilivae, Tess alisema. Karibuni nashusha kondoo kutoka mlimani, na hili linavuja kama chujio.

—Maji baridi na sponji, akadakia Injinia. Sabuni mwiko! Kopo la nta unalitia kwenye maji ya moto, ikiyeyuka unapaka kwa kitambaa, mishono usiionee huruma, kisha unapitisha mashine ya kukaushia nywele. Kwisha.

—Langu, mke wangu alilitia kwenye mashine ya kufulia, Askofu akasema. Nta yote ikahamia kwenye soksi. Tangu siku hiyo miguu yangu haipati maji.

—Haikuwahi kupata, mzee, Injinia akamjibu. Tunakaa upande wa upepo, tunajua.

Tess hakucheka.

—Shida ni Glen. Nikipiga mluzi ananitazama kama naomba kazi.

—Karibu chamani, nikamwambia.

—Nikivaa koti, anaruka. Anamfuata baba.

—Basi usilisafishe! Askofu akang'aka. Mwanakondoo akifa si tunamchuna, ngozi tunamvika yatima, na yule mama aliyefiwa anamkubali? Wewe ndiye yatima, mwanangu. Ngozi yako hiyo.

—Ngozi huvuliwa, we Askofu! Injinia akapinga. Maziwa ya mama mpya yakishapita tumboni, mtoto ananuka kama wake. Tess avae koti, ale nalo, alale nalo, amlishe mbwa kwa mkono.

—Au tukate ukosi, Askofu akasema, tuushone kwenye kofia!

—Au tumpake mbwa nta, nikaongeza mimi, koti libaki lilivyo!

—Mimi je? Tess aliuliza taratibu. Huwa naingiza pua ukosini. Bado yumo. Moshi wa kiko chake, mafuta ya kondoo, yeye. Nikipitisha sponji nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Dada mmoja mgeni, aliyekuwa akingoja basi na begi lake la kupandia milima, akageuka.

—Samahani. Huyu mbwa amekuwa akilala wapi?

—Juu ya koti.

—Majira yote ya baridi?

—Yote. Hataki kwingine.

—Sasa hiyo harufu unayonusa ni ya baba, au ya mbwa?

Askofu akachungulia kikombe chake kama kisima. Tess akainua ukosi puani, akavuta pumzi, akavuta tena kwa nguvu zaidi, kama anayebisha hodi kwenye nyumba isiyoitika. Glen akainuka, akasogea, akaweka pua yake kando ya pua ya Tess. Wakabaki hivyo, wote wawili wakitafuta.